Kusini siyo wavivu! Korosho inaondoka na maganda yake, ajira zetu humo humo

Wanabodi,

Kila msimu wa korosho ukiisha linarudi neno lile lile: watu wa Mtwara na Lindi wavivu, pesa yote inaishia kwenye ngoma. Inachosha. Leo tuhesabu.

Mkorosho mkubwa unataka salfa ya unga robo kilo kila mzunguko, hadi mizunguko mitano, kila baada ya wiki mbili tatu tangu maua yanapochomoza. Ukichelewa, ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaozuiwa na salfa hiyo, umeshakausha maua, basi. Kazi hiyo inaangukia Juni hadi Agosti, mfuko mtupu, mnada wa kwanza Oktoba. Hata salfa ikiwa ya ruzuku, mashine inakodiwa, petroli inanunuliwa, palizi inalipwa. Ndipo anapoingia mtu wa kangomba: anatoa pesa leo, atalipwa korosho msimu ukifika, kwa bei aliyopanga yeye. Korosho imeuzwa ingali ua! Huyo ndiye mnayemwita mvivu.

Inayobaki inapimwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kilo moja tu ya kiini. Nyingine ni ganda, na ganda lina mafuta yanayotengenezea breki za magari na rangi. Kupika kwa mvuke, kubangua, kukausha, kumenya ngozi, kupanga madaraja, hizo zote ni ajira, nyingi za akina mama. Tunazishonea ndani ya gunia.

Mtasema tujenge viwanda. Vilijengwa! Serikali ilijenga 12, vikabinafsishwa, vingi vikageuka maghala. Mavuno ni ya miezi michache, kiwanda kinataka mzigo wa mwaka mzima. Tani 1,000 kwa shilingi 3,000 kwa kilo ni bilioni 3, zitoke siku za mnada. Mbanguaji mdogo wa Newala atazipata wapi? Na anashindana na mnunuzi ambaye kiwanda chake India kina njaa, kwa kuwa mavuno ya kwao yanaanza Februari.

Halafu ushuru wa kusafirisha ghafi: asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayotozwa ni iliyo kubwa. Asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye zao. Mwaka 2018 Bunge likabadili sheria, yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina, wabunge wa Kusini wakipiga kelele.

Tunachodai: salfa iwe kijijini Mei, siyo Agosti. Mbanguaji wa ndani anunue kabla mnada haujafunguliwa kwa wasafirishaji, na benki zimkopeshe kwa dhamana ya korosho iliyomo ghalani. Anayebisha aje na tarakimu.