Zamu za KCMC

Dada Upendo: Bwana Yesu asifiwe ukoo. Nimeuliza jana, nimeuliza asubuhi, mmeona na mmenyamaza. Zamu za kumpeleka Baba Neema hospitali ya KCMC, kwenye mashine ya kusafisha damu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mama Neema kabeba peke yake tangu Kwaresma ianze, na mwenyewe ana presha.

Shangazi Ndeshi: Ameni

Dada Upendo: Ameni ya salamu au ya zamu?

Shangazi Ndeshi: Ya salamu mwanangu. Magoti yangu unayajua.

Godi: Mimi Ijumaa, ila siyo hii. Kuna sendofu.

Frenki: Ndafu ipo?

Godi: Ndafu na mtori

Frenki: Basi Ijumaa hata mimi siwezi 😂

Dada Upendo: Jamani. Mtu analala saa nne nzima kwenye mashine.

Anko Elia: Nimeongea na mtumishi huku Arusha. Anasema aache mashine, afunge siku 3, Mungu atajitukuza. Shida yetu ni imani haba.

Dada Upendo: Anko, kwa heshima, hapana. Akiacha, maji na sumu vinabaki mwilini, daktari alitueleza wote. Na imani haba ya nani? Jumanne nimemkuta shambani, mkono wa mashine kaufunga kitambaa, wa pili kashika mche wa kahawa, anawaelekeza watoto wachimbe mashimo. Ile itazaa baada ya miaka 3! Nikamwambia pumzika kaka. Akasema, "Kesho ni ya mashine, leo Bwana kanipa ya kahawa." Nililia njia nzima mpaka Himo.

Anko Elia: Usinifundishe mimi. Wakati wa Mama mlikuwa wapi?

Shangazi Ndeshi: Elia usianze. Nani alilala sakafuni wodini? Na yule ng'ombe je?

Anko Elia: Ng'ombe muulizeni Godi.

Godi: Mimi tena??

Neema: Shikamooni. Babu nimemsomea zote. Kasema niandike hivi hivi:

"Asiachishwe mtu mashine kwenye ukoo huu kwa jina la Yesu. Warumi 5 Paulo anasema dhiki huleta saburi. Hakusema dhiki itaisha baada ya siku tatu. Tumaini letu ni Kristo aliyefufuka. Mwanangu akipona lipo, akifa lipo, ndiyo maana anapata nguvu ya kuamka saa kumi usiku. Mama yenu nilimzika nikiwa nalo. Ng'ombe nilimuuza mimi. Msiulizane tena."

Anko Elia: Shikamoo Baba. Nimesikia.

Shangazi Ndeshi: 🙏🏾

Frenki: Jumatano niandikeni. Nina boda lakini.

Dada Upendo: Boda hapana, akitoka pale hana nguvu kabisa. Panda naye Noah, kaa naye, rudi naye. Msomee Zaburi, anapenda.

Frenki: Sawa dada

Dada Upendo: Godi, Ijumaa?

Godi: Nitathibitisha usiku

Dada Upendo: Usiku wa leo?

Mama Neema: Ndiyo naona sasa, simu ilikuwa chaji kwa jirani. Mungu awabariki. Miche 6 bado na mvua imeshuka. Mwenye nguvu aje na jembe.

Anko Elia: Shemeji, nikija Jumamosi nitakaribishwa?

Mama Neema: Njoo. Anakuulizia kila siku.

Dada Upendo: Jumatatu bado haina mtu. Nawapigia mmoja mmoja, pokeeni.

Dada Upendo: Godi pokea