Mjadala: Waigizaji wa papo kwa papo, tupashe kabla ya kupanda jukwaani au tusipashe?

Wakuu, kwenye kikundi chetu limezuka bishano na wiki nzima tunaangaliana kwa pembeni. Sisi tunaigiza papo kwa papo: hakuna muswada, mtazamaji anatupa neno, igizo linazaliwa hapo hapo. Wenzangu wawili hawataki tena kupasha, yaani ile michezo mifupi ya kujiweka sawa kabla ya onyesho. Wanasema ukianza kuigiza nyuma ya pazia, utamu wote unauacha huko, mbele ya watu unaleta kiporo. Tena wazee wa vikundi vya Dar es Salaam hawakusimama duara kupigiana makofi, na kumbi walijaza.

Mimi natetea kupasha, na naanza na hao wazee maana hapo ndipo hoja ilipo nzito. Ni kweli, vikundi kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) miaka ya 1990 viliigiza bila muswada. Kisa kilikubaliwa kwa mdomo, maneno yakaja jukwaani. Lakini onyesho lao halikuwa igizo tupu. Kulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, taarab, na wasanii wengi walifanya zaidi ya kazi moja. Mtu ametoka kwenye ngoma jasho linamchuruzika, pumzi yake na ya wenzake imekuwa moja, watazamaji wa leo ameshawaona wakoje. Huyo apashe nini tena? Ngoma ilikuwa ndiyo kupasha kwake.

Sisi tunatoka kwenye foleni ya magari. Mwezi uliopita tulifika tumechelewa, tukapanda jukwaani moja kwa moja. Neno likatoka: "harusi". Mwenzangu akaingia akiwa mganga aliyeitwa kuzuia mvua isiharibu sherehe, kitu kizuri kabisa, na mimi nikamwita fundi cherehani kwa sababu sikuwa nimemsikia. Nilikuwa bado naisaka sentensi yangu kichwani. Robo saa nzima tulikuwa tunakatizana maneno. Watazamaji walikuwa wapole, na upole wa aina ile unauma.

Hata historia iko upande huu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kule Chicago, Viola Spolin alikuwa akifundisha maigizo kwa watu wa mitaa ya wahamiaji, wenye lugha na desturi tofauti. Akabuni michezo ya kuwafanya waonane na wasikilizane. Mwanawe, Paul Sills, alikulia ndani ya michezo hiyo, na mwaka 1959 akawa mmoja wa waanzilishi wa The Second City, ukumbi uliolipa uigizaji huu jina kubwa Marekani. Mazoezi ndiyo yaliyolizaa jukwaa.

Ila nawapa wenzangu haki yao mahali pamoja. Kuna kupasha kunakoharibu. Mkianza kutegana kwa vichekesho nyuma ya pazia, kila mtu anataka kuwa mjanja kuliko jirani, na anapanda jukwaani na utani wake mfukoni akitafuta pa kuutumbukiza. Hiyo hata mimi siitaki. Mimi nataka dakika kumi za masikio. Mchezo ninaoupenda ni wa kuhesabu: mnafumba macho, mnahesabu hadi 20, hakuna zamu, yeyote anataja namba inayofuata. Wawili wakigongana, mnarudi kwenye moja. Mara ya kwanza hamfiki hata saba. Mkifika 20, mnafumbua macho na mnaona wenyewe kuwa kuna kitu kimetulia kati yenu.

Mchekeshaji anayesimama peke yake na maiki ana mambo yake, simsemei. Nazungumzia kundi.

Wenye uzoefu, njooni: mliojaribu njia zote mbili, ni lini mlipanda bila kupasha na mkasikilizana tangu dakika ya kwanza?

NYONGEZA: Nimeulizwa tutapashia wapi wakati kumbi nyingi ndogo hazina chumba cha nyuma, na kufanya mbele ya watazamaji ni aibu. Sisi tunatoka nje, kwenye maegesho ya pikipiki. Tunahesabu kwa kunong'ona. Wiki iliyopita bodaboda mmoja alitaja 14, wala hakugongana na mtu, tukaendelea.