"Remember me to your mother": mgeni alitaka nifanye nini?

Mapokezi_Nungwi
Asalaam aleikum. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Nungwi. Kuna mzee wa Kiingereza huja na mkewe kila mwaka, na mama yangu huwapikia pweza wa nazi. Juzi wanaondoka, mzee akanishika mkono: "Remember me to your mother." Nikaitikia tu, gari ya uwanja wa ndege imeshawashwa. Sasa najiuliza, nimkumbuke yeye kwa mama? Au nimkumbushe mama kitu, labda hela? Ijumaa nakwenda nyumbani na mama lazima ataniuliza walivyoaga.

kijana_wa_Makorora
Hapo alitaka kusema "remind", ulimi umeteleza. Mkumbushe mama, basi.

Mwl_Mstaafu_Tanga
Wa aleikum salaam. Mzee hakuteleza, kakutuma salamu. Mtu akisema "remember me to" fulani, maana yake nisalimie fulani. Ni usemi wa watu wazima, una heshima ndani yake. Vijana wao husema "say hello to your mum". Mfikishie mama salamu zake, ni amana hiyo.

Kijana wa Makorora namwelewa anapotokea. Sisi kumbuka tunaigeuza kumbusha, shina ni lile lile. Waingereza wana vitenzi viwili mbalimbali: "remember" ni wewe mwenyewe, "remind" ni kumtia mwenzio kumbukumbu. Nimefundisha miaka mingi, na "Remember me to buy salt" nimeisahihisha mpaka wino ukaisha. Sema "Remind me to buy salt."

Na wewe wa mapokezi, shika na hili, maana unaandika daftari la zamu. "I remembered to lock the safe": wajibu ulikuwa nao moyoni, hukusahau, ukafunga. "I remember locking the safe": ulishafunga, na sasa tendo lenyewe unalikumbuka, ufunguo mkononi na yote. Siku kitu kikipotea, meneja atauliza "Do you remember locking it?" Hapo anataka ushahidi wako wa ulichofanya. Na mgeni akiondoka, "Remember to take your passport" ni sahihi kabisa, kwa sababu bado hajaichukua.

Mapokezi_Nungwi
Mwalimu, Mungu akuzidishie. Kumbe mzee kaacha salamu na mimi nawaza hela! Mama akitaka nimwandikie kwamba naye amewakumbuka, niandike "She has remembered you"?

Mwl_Mstaafu_Tanga
Usiandike hivyo, mzee atadhani mama alikuwa amemsahau. Kule kukumbukana kwetu kwa hamu ni "miss": "My mother misses you both." Na salamu zake: "She sends her regards." Mtajie na pweza, atafurahi.