Okidi yangu inachanua kila mwaka ila haizai, nifanyeje?

MwanaMikanjuni: Wakuu, nina okidi nimeifunga kwenye mwembe hapa Mikanjuni, Tanga. Mwaka wa tatu huu inatoa maua meupe, usiku yananukia hadi chumbani, kisha yananyauka bila tunda. Nataka mbegu nioteshe miche. Naombeni ushauri wa haraka, nimekwama.

BabuWaShamba: Ikate. Itanyonya mwembe mpaka ufe.

BintiMuheza: Hainyonyi, babu. Imeshika gome tu, inaishi kwa mvua na umande. Mkuu, ua jeupe linalonukia usiku linamngoja nondo, yule mdudu kama kipepeo arukaye usiku. Nyuma yake kuna mrija, maji matamu yako chini kabisa. Nondo mwenye ulimi mrefu akizamisha kichwa, vifurushi vya chavua vinamganda, anavipeleka ua jingine. Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alipoona okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, alisema mwaka 1862 lazima yupo nondo wa ulimi huo. Nondo mwenyewe alikuja kuelezwa 1903, Darwin kashazikwa. Yako uliitoa wapi?

MwanaMikanjuni: Nilipewa na shangazi.

KibandaKagera: Mimi nalima vanila, nayo ni ukoo wa okidi. Kwao ni Mexico, huku hakuna mdudu wake, kwa hiyo kila ua tunalichavusha kwa kijiti. Linafunguka asubuhi moja tu. Mwaka ule mama alipolazwa nilikosa siku tatu, nikalia shambani. Ufundi huo aliugundua mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841.

BintiMuheza: Haraka ya nini, mkuu?

MwanaMikanjuni: Nimeshapokea laki mbili za mtu wa Dar, anataka miche 50 kabla ya Ramadhani. Na okidi niliitoa msitu wa Amani. Lakini tawi lilishaanguka, ingeoza pale chini!

MjaWaPangani: Mali ya hifadhi na pesa ya mtu, zote shingoni mwako. Rudisha.

Kisiki: Shangazi kageuka tawi? Chai hii, wakuu.

BintiMuheza: Matawi huanguka na okidi zake, nimeona. Ila hifadhini huchukui bila kibali. Na hiyo miche 50 sahau: mbegu ni vumbi, maelfu kwa tunda moja, hazina akiba ya chakula. Zinaota zikikutana na kuvu wake, au kwenye chupa za maabara.

Kisiki: Bado ni chai.

MwanaMikanjuni: Jana saa nne usiku nilijaribu kwa njiti ya kiberiti. Kikofia kikatoka, vidonge viwili vya njano vikaganda kwenye njiti, nikavibandika kwenye kishimo chenye ute cha ua la pili. Leo limenyauka. Nimeliua?

BintiMuheza: Kisiki, huyo kaishika kwa mkono wake. Mkuu, ua likishapata chavua hunyauka upesi. Tazama kikonyo: kikigeuka njano, basi tena.

MwanaMikanjuni: Siku ya nane. Ni kijani na kimenenepa. Laki moja nimerudisha, nyingine naitafuta.