Paka "anayesema" kwenye video: tunapimaje kama ni maneno kweli?

Mdadisi
Wakuu, inasambaa klipu ya paka anayedaiwa kusema "sitaki kuoga". Ukiitazama na maandishi yake chini, unasikia neno kwa neno. Hata ukifumba macho, maneno yanabaki. Huo si ushahidi? Na kama si ushahidi, mtu apime vipi bila maabara?

Sikio_Kali
Kufumba macho baada ya kusoma hakusaidii, mkuu. Ubongo ukishaambiwa cha kusikia, hukisikia hata kwenye mvumo wa feni. Wenye uwezo wa kupima ni wale ambao hawajaambiwa kitu.

Toa sauti peke yake kwenye video. Kata kila mlio mbali, kisha uuchanganye na milio mingine kama kumi ya paka huyohuyo ambayo hakuna aliyedai ni maneno. Tafuta wasikilizaji wasiopungua kumi, kila mmoja peke yake, aandike anachosikia. Basi. Usiulize "unasikia *sitaki* au *sipati*?", kwa sababu hapo umeshamlisha jibu. Na anayeandika "mau" au kuacha wazi ahesabiwe pia. Wengi huyatupa majibu hayo, halafu wanashangilia yaliyobaki.

Koshik, tembo wa Korea Kusini, alipimwa namna hii katika utafiti uliochapishwa 2012. Wakorea 16 waliandika walichosikia bila kuambiwa. Kwenye irabu walilingana kwa asilimia 67, kwenye konsonanti asilimia 21 tu. Na huyo ni miongoni mwa mifano bora tuliyonayo! Koshik huingiza ncha ya mkonga mdomoni, akabadili umbo la njia ya sauti ili milio yake ifanane na ya binadamu.

Wimbi
Naongezea upande wa mashine. Praat ni programu ya bure ya kuchambua sauti kutoka Chuo Kikuu cha Amsterdam. Haifungui video, kwa hiyo geuza sauti kuwa faili ya sauti ya WAV kwanza. Kwenye spektogramu, yaani picha inayoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, weka dirisha (urefu wa kipande kinachopimwa kila mara) la sekunde 0.005, na upandishe upeo wa masafa hadi 10,000 Hz.

"T" na "k" hutokea pale hewa inapozibwa kabisa kisha kuachiwa. Kwenye picha utaona pengo la kimya la makumi ya milisekunde, halafu mstari mwembamba wa wima. "S" ni ukungu mzito, sehemu yake kubwa juu ya 4,000 Hz. Mlio wa kawaida wa paka ni mkanda mmoja usiokatika, unaopanda na kushuka kadiri mdomo unavyofunguka na kufunga. Ukiona mkanda huo mahali panapodaiwa kuna "sitaki", konsonanti umeziweka wewe msikilizaji.

Tahadhari moja: klipu iliyobanwa na kutumwa mara nyingi hupoteza masafa ya juu. Hapo kukosekana kwa "s" hakuthibitishi chochote. Tafuta nakala ya awali.

Mdadisi
Kwa hiyo wanyama wote wanaosemwa hivi ni uzushi?

Sikio_Kali
Hapana, na mwenye shaka akifika huko amepotoka. Kuiga sauti kumethibitishwa kwa kasuku, kwa sili, hata kwa bata mmoja wa Australia, Ripper, aliyerekodiwa 1987 akiiga maneno ya Kiingereza. Wenye uwezo huu ni makundi machache, na paka hajaonyesha kuwa mmoja wao. Hata sokwe Viki, aliyelelewa Marekani kama mtoto wa nyumbani na kufundishwa kwa kushikwa midomo, aliishia maneno manne hivi, tena yasiyosikika vizuri.

Kuelewa maana ni kesi nyingine kabisa. Farasi Hans wa Berlin alionekana kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipopanga muulizaji asijue jibu, Hans akashindwa: alikuwa akisoma mabadiliko madogo ya mwili wa muulizaji. Kwa hiyo hata kasuku anayetamka vizuri mpime na mtu asiyejua jibu sahihi.

Wimbi
Kwa klipu hiyo, mwombe mwenye klipu rekodi nzima isiyokatwa. Paka hulia mara nyingi kwa siku. Ukichagua mlio mmoja kati ya mia, lazima utapata unaokaribia sentensi fulani, na hiyo mingine 99 ndiyo itakayokuonyesha kama kuna kitu.