Athens au Roma: kabwela angekuwa na usemi wapi?

Kahawa Chungu (mleta mada)
Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anashikilia kwamba Athens ndiyo mama wa demokrasia na Roma ilikuwa ya mabwanyenye tu. Mwingine anasema Athens ilitawaliwa na wapiga kelele, ndiyo maana nchi nyingi leo zina Seneti kama Roma. Swali langu ni dogo: ungekuwa fundi viatu, huna shamba wala ng'ombe, ungeomba uzaliwe wapi? Makaisari tuwaache. Nazungumzia Athens ya karne ya 5 na ya 4 KK, na Roma ya jamhuri, tangu 509 KK walipomfukuza mfalme.

Kobe Mzee
Athens, sina hata haja ya kufikiri. Baraza lao la watu 500 halikuingiwa kwa kampeni. Waliingia kwa kura, na nasema kura kwa maana yake ya zamani, ile ya askari waliogawana mavazi ya Yesu. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu na asili yake ni bahati nasibu.

Mahakimu wao ndiyo usiseme. Kulikuwa na bamba la jiwe lenye safu za vitundu. Unachomeka kibao chenye jina lako, kisha vigololi vyeupe na vyeusi vinateremka kwenye mrija wa pembeni. Cheupe kikiangukia safu yako, unakwenda kuhukumu na posho unalipwa. Cheusi, rudi kwenye viatu vyako. Na mwenyekiti wa baraza alikaa usiku na mchana mmoja tu, akishika funguo za hazina na muhuri wa dola, kisha anampisha mwingine. Mnunuzi wa kiti angeanzia wapi?

Mpigadebe
Naunga mkono hoja. Tazameni Roma ilivyohesabu. Bunge lililochagua makonsuli, yaani wale viongozi wakuu wawili wa kila mwaka, lilikuwa na makundi 193, na kila kundi lilihesabiwa kura moja. Kwa mpango wa awali, wapanda farasi walikuwa na makundi 18 na matajiri wa daraja la kwanza 80. Jumla 98, na ushindi ni 97! Wasio na mali wote, maelfu kwa maelfu, walirundikwa kundi moja la mwisho. Matajiri wakikubaliana, upigaji kura unafungwa kabla fundi viatu hajaitwa.

Binti Pangani
Mkuu Kobe, umesahau kusema "kabwela mwanamume". Sisi kote kuwili tungebaki nje. Ila kuna jambo mnaliruka. Athens tangu 451 KK, kwa sheria ya Perikles, ilidai baba na mama wote wawe wa ukoo wa hapo ndipo uwe raia. Aristotle aliishi na kufundisha pale miaka mingi akiwa mgeni tu, hana kura. Roma, mtumwa akiachwa huru na bwana mwenye uraia, naye huwa raia, na mwanawe aliyezaliwa huru anaruhusiwa kugombea. Kiti kilikuwa cha nyuma, sawa, lakini mlango ulikuwa wazi.

Na msiwafanye makabwela wa Roma kondoo. Inasimuliwa kwamba 494 KK walitoka mjini kwa pamoja, wakaenda kukaa kilimani, wakagoma. Hawakurudi mpaka wakapewa watetezi wao, ambao mmoja wao akitamka "veto", yaani nakataza, hata konsuli anakwama.

Mpigadebe
Mtetezi asiyelipwa mshahara, dada. Ndiyo maana wengi walitoka familia zenye uwezo. Na mtetezi mmoja, Tiberius Gracchus, alipotaka kuwagawia maskini ardhi, mwaka 133 KK, maseneta walivunja mabenchi wakampiga kwa miguu ya mabenchi hayo hadi akafa.

Mshumaa
Mimi nachagua Roma kwa kisa kimoja. Mwaka 406 KK majemadari wa Athens walishinda vita vya majini huko Arginusae, ila hawakuwaokoa mabaharia walioachwa majini. Walisema dhoruba iliwazuia. Umati ukawahukumu wote kwa kura moja, kinyume cha utaratibu. Sokrates, ambaye kura ya bahati ilimweka barazani mwaka huo, alikataa. Hakusikilizwa. Sita wakauawa, halafu umati ukajuta. Roma ungekuta konsuli wa pili au mtetezi mmoja wa kusema ngojeni.

Kobe Mzee
Hicho kisa kinaniuma, sikatai. Lakini Mshumaa, huyo wa kusema "ngojeni" mara nyingi aliwasemea wenye mashamba.

Kahawa Chungu
Basi nikiwa fundi viatu naenda Athens. Nikizaliwa mtumwa, nipelekeni Roma. Jioni naipeleka ile hesabu ya 98 kijiweni, na jamaa wa Seneti ndiye atakayelipa kahawa.