Muvi za kutisha za madairekta wengi: kwa nini kipande kimoja tu ndo kinabamba?

KIVULI (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Hii kitu inanikera siku nyingi. Muvi moja, ndani yake stori nne tano za kutisha, kila stori na dairekta wake. Karibu zote mwisho wake ni uleule, kipande kimoja cha moto, viwili vya kawaida, vilivyobaki aibu tupu. Chukueni V/H/S/2 ya 2013. Safe Haven, ile ya watu wa kamera wanaoingia kwenye kambi ya dhehebu kule Indonesia, kazi ya Gareth Evans na Timo Tjahjanto, unaimaliza moyo unadunda. Vilivyobaki vimenitoka kichwani kabisa. Mi naona prodyuza anagawa kazi, kila mtu anaenda kivyake, mwisho anaunganisha basi, hakuna aliyekaa akaiwaza muvi nzima. Apewe dairekta mmoja yaishe. Nawasilisha.

BUNDI
Umenena mkuu. Kwaidan, ya Masaki Kobayashi ya 1964, stori nne, masaa kama matatu na haitetereki popote kwa sababu jicho ni moja. Creepshow ya 1982 nayo hivyohivyo, dairekta George Romero peke yake na mwandishi Stephen King, stori tano, ukifungulia popote unajua ni muvi ileile.

ZUHURA
Bundi nakuheshimu ila Creepshow usiilete hapa. Kile kipande King mwenyewe anaigiza mkulima anayeota majani mwili mzima kinapwaya mchana kweupe, na dairekta ni huyohuyo mmoja. Tatizo ni uhuru usio na mipaka. The ABCs of Death ya 2012 ilikuwa na vipande 26, kila dairekta kapewa herufi yake na ruhusa ya kufanya anachotaka, matokeo yake tukaletewa mpaka kipande cha kujamba. Mtu asiyeambiwa jirani yake anafanya nini hawezi kujua muvi inahitaji nini kutoka kwake.

MZEE WA KANDA
Mnajichosha bure vijana. Mi kipande kikinichosha mwanzoni tu napeleka mbele, naenda kinachofuata. Kwangu hakuna muvi mbovu ya aina hii, kuna vipande vya kuangalia na vya kuruka.

BUNDI
Basi hizo muvi hujaziangalia na usizichangie. Nyie wa kurukaruka ndo mmezoea klipu za simu, kitu kisipowashtua sekunde ya kwanza mnasema kibovu.

MZEE WA KANDA
Klipu za simu?? Kijana, mi nimeanza kuangalia muvi za kutisha enzi za mikanda, hiyo simu unayonisimangia haijazaliwa. Tulikuwa tunapeleka mbele kwa kubonyeza deki na kusubiri, na tulikuwa tunajua muvi kuliko nyie mnaotaja majina ya madairekta kama mnasoma mahudhurio. Niheshimu.

KIVULI
Wazee tuliza, mada ni kwa nini ubora unapanda na kushuka.

POPO
Mada imeshakimbia hiyo mkuu. Ila niseme hili, majina makubwa nayo hayasaidii. Kuna ile ya 1968 ya stori za Edgar Allan Poe, Roger Vadim, Louis Malle na Federico Fellini, na pesa walikuwa nazo. Inayokumbukwa ni ya Fellini, yule mwigizaji mlevi na gari lake Roma. Za wenzake mpaka ukumbushwe.

ZUHURA
Sasa nisikilizeni maana mnapigana na jibu liko mezani. Kuna ile ya zamani ya Waingereza yenye mwanasesere anayeongea,

POPO
Dead of Night, 1945.

ZUHURA
Ndo hiyo. Madairekta wanne, Cavalcanti, Crichton, Dearden na Hamer, na bado imeshikana. Wote walikuwa watu wa studio moja, Ealing, na stori mama, ile inayounganisha vipande vyote, ya yule jamaa anayefika kwenye nyumba aliyokwisha iota alikabidhiwa Dearden aibebe mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo hoja ya dairekta mmoja inakufa hapo. Na Mzee wa Kanda, kwa heshima zote, muvi hiyo ilivyopelekwa Marekani wasambazaji walifanya kama wewe, wakakata vipande viwili, cha pati ya Krismasi na cha gofu. Wakati ile ndoto ya mwisho inampitisha yule jamaa ndani ya stori zilizotangulia, mpaka kwenye pati. Umeikata pati, atajuaje mtu yuko wapi?

MZEE WA KANDA
Binti yangu, umenisaidia. Hata wenye biashara waliona cha gofu hakifai. Kile ni kichekesho, mzimu unamsumbua rafiki yake kisa mchezo! Kwenye muvi ya kutisha!

BUNDI
Ndo maana nikasema mtu wa kuruka haelewi. Angalia kimekaa wapi, baada ya stori ya kioo chenye mauzauza na kabla ya ile ya mwanasesere. Umetoka kwenye kioo umekaza mabega, wanakuchekesha, mabega yanashuka, halafu mwanasesere anakukuta huna kinga. Ukiunganisha kioo na mwanasesere moja kwa moja umemuua mwanasesere.

KIVULI
Hapo Bundi unasema kipande dhaifu kina kazi. Mwanzo ulisema muvi isitetereke popote.

BUNDI
Mi nimejibu alichosema mzee, usinichanganyie mambo.

POPO
Lakini swali la Kivuli ni la haki. Kipande kikiwa chepesi kwa makusudi ni sawa, nani alikusudia kile cha kujamba kiwe pumzi ya nini? Safe Haven je, vipande vyenzake vinaisaidia au vimewekwa tu?

MZEE WA KANDA
Pumzi, pumzi. Mtu akitaka kupumzika anasimamisha muvi anaenda kunywa maji. Mi cha gofu nitakiruka hata leo usiku, na mwanasesere atanitisha vilevile.

BUNDI
Anza mwanzo usiruke, halafu rudi hapa useme.

MZEE WA KANDA
Huwezi kunipangia.